Gobori la kisasa la kuwindia kulungu

Swali: Kati ya CVA, Traditions na Knight, gobori lipi linafaa kuwindia kulungu Marekani?

Jibu: Magobori ya aina hii huwasha baruti kwa fataki iliyo nyuma ya mtutu, kwenye mstari mmoja nao, badala ya ubavuni. Knight ndiyo iliyoyaeneza kwa modeli ya MK-85 ya mwaka 1985.

Kwa kipenyo cha .50, kilichozoeleka, tofauti ya shabaha kati ya kampuni hizi si kubwa. Kinachozitenganisha zaidi ni usafishaji. Masizi ya baruti hula chuma, na kizibo cha nyuma ya mtutu kikigandamana, kukifungua ni kazi ya jasho. CVA Wolf, iliyo ya bei nafuu, ina kizibo kinachofunguliwa kwa mkono bila spana. Kwa anayeanza, hiyo inatosha. Accura ya kampuni hiyohiyo ina mtutu wa Bergara na hugharimu zaidi. Traditions NitroFire hutumia kapsuli ya baruti iliyokwisha kupimwa, inayoingizwa kwa nyuma, huku risasi ikishindiliwa kwa mdeki kutoka mbele. Ni rahisi, ila baadhi ya majimbo hayaikubali.

Sheria hutangulia chapa. Colorado hairuhusu darubini katika msimu wa magobori, na msimu wa Pennsylvania unaoanza baada ya Krismasi ni wa magobori ya gumegume tu. Mnunuzi asome kanuni za jimbo lake kabla ya kulipa.