Somo la Sheria: Mkazi Anaposhtakiwa kwa Kuzurura kwa Nia ya Ukahaba

Mama mmoja huuza viazi karai na bajia karibu na kivuko cha Likoni. Saa tano usiku hufunga biashara na kusimama kando ya barabara akingoja matatu ya Mtongwe. Usiku mmoja gari la doria linasimama. Yeye na wanawake wengine wanne wanapakiwa, na asubuhi wote wanasomewa shtaka moja la kuzurura mahali pa umma kwa nia ya ukahaba. Ndani ya seli mwenzake amekwisha kumshauri: "Kubali tu, dadangu. Faini ni ndogo. Lipa uende ukawaone watoto."

Mfano huu ni wa kufundishia, lakini wakazi wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wataitambua hali yenyewe. Ushauri aliopewa mama huyo unaonekana wa busara, kumbe unaweza kumgharimu kwa miaka mingi. Somo hili linaeleza sheria inasema nini, shtaka huthibitishwa vipi, na mshtakiwa ana njia gani za kujitetea.

Sheria yenyewe

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, haina kifungu kinachomshtaki mtu mzima kwa tendo lenyewe la kukubaliana na mtu mzima mwenzake kwa malipo. Inachokataza ni mambo yanayolizunguka. Kifungu cha 153 kinamhusu mwanamume anayeishi kwa mapato ya ukahaba, au anayewasumbua watu hadharani kwa kuwashawishi kwa nia isiyo ya adili. Kifungu cha 154 kinamhusu mwanamke anayeishi kwa mapato ya ukahaba wa mtu mwingine, na cha 156 kinahusu kuendesha danguro.

Mashtaka mengi ya barabarani, hata hivyo, hutokana na sheria ndogo. Sheria ndogo za lililokuwa Baraza la Manispaa ya Mombasa za mwaka 2003, katika kifungu cha 258, zilimfanya kuwa mkosaji mtu yeyote anayezurura au kuwashawishi watu barabarani kwa nia ya ukahaba.

Kifungu hicho kimewahi kupingwa mahakamani. Katika Ombi Nambari 286 la mwaka 2009, wanawake wawili waliokuwa wamekamatwa waliliomba jopo la Mahakama Kuu mjini Mombasa liseme kwamba sheria hiyo inawabagua wanawake. Mwaka 2011 ombi lao lilikataliwa, kwa kuwa maneno ya sheria yanamhusu mtu yeyote, mwanamume au mwanamke.

Uamuzi huo una funzo la pande mbili. Kwanza, anayeshtakiwa asitegemee kwamba hakimu ataitupa sheria yenyewe. Pili, mahakama haikusema kwamba kila anayekamatwa usiku ana hatia. Kila kesi bado hutegemea ushahidi wake, na hapo ndipo utetezi wa mkazi unapopata nguvu.

Mambo ambayo lazima yathibitishwe

Mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka, na kipimo ni kuthibitisha bila kuacha shaka ya maana. Mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kwamba hana hatia. Kwa shtaka la kuzurura, upande wa mashtaka unapaswa kuonyesha mambo matatu: kwamba mtu huyo alikuwa mahali pa umma, kwamba alikuwa akizurura au kuwashawishi watu, na kwamba nia yake ilikuwa ukahaba.

La kwanza huwa rahisi, kwa sababu barabara ni ya umma. Ugumu uko katika la pili na la tatu. Kusimama si kuzurura. Anayengoja gari, mteja wa chakula, au ndugu anayevuka na feri ana sababu ya kuwa pale alipo. Nia nayo haionekani kwa macho. Hutambuliwa kwa maneno na matendo: alimsimamisha nani, alisema nini, alitaja malipo gani, na nani alisikia. Askari anayesema tu kwamba "alikuwa amevaa vibaya" au "ni mahali panapojulikana" hajasema mshtakiwa alitenda nini.

Vivyo hivyo kwa mipira ya kondomu. Hakuna sheria inayomkataza mtu mzima kuwa nayo. Hutolewa bure katika vituo vya afya vya umma ili watu wajikinge na maradhi. Kupatikana nayo mkobani peke yake hakuonyeshi kwamba mtu alikuwa akimshawishi yeyote.

Tangu kukamatwa hadi kituoni

Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Ana haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili au mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika, na ya kutolazimishwa kukiri. Lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na muda huo ukiisha nje ya saa za kazi za mahakama, basi afikishwe siku ya mahakama inayofuata.

Kifungu hicho kina sehemu ambayo wakazi wengi hawaijui. Mtu hapaswi kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita. Mashtaka mengi ya sheria ndogo yako katika kundi hili. Kwa makosa mengine pia, aliyekamatwa ana haki ya dhamana kwa masharti ya haki isipokuwa kuwe na sababu nzito. Bondi ya polisi haina ada. Ikiwa ni dhamana ya pesa taslimu, pesa hizo lazima ziandikiwe risiti, na hurudishwa kesi ikiisha ikiwa mshtakiwa amefika mahakamani kila alipotakiwa.

Kuhusu upekuzi, kifungu cha 27 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha. Kupima damu kwa lazima hakumo katika kazi ya doria. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 kinakataza kumlazimisha mtu kupimwa virusi. Machi 2018, Mahakama ya Rufaa mjini Mombasa iliamua katika kesi iliyoanzia Ukunda kwamba uchunguzi wa mwili uliofanywa kwa washukiwa wawili wanaume bila hiari yao ulivunja haki zao, na kwamba ushahidi wa namna hiyo hauwezi kutumiwa dhidi yao.

Maungamo nayo yana utaratibu. Kwa kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi, ungamo halikubaliki mahakamani isipokuwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha Inspekta au zaidi ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, tena mbele ya mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Maneno yaliyotamkwa kwa hofu ndani ya gari la doria hayafiki hapo.

Swali la karani: kweli au si kweli

Mahakamani, karani husoma shtaka na kuuliza kama ni kweli au si kweli. Jibu hilo moja ndilo hubadilisha mwelekeo wa kesi nzima.

Anayekiri hutiwa hatiani papo hapo. Kwa kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, aliyekiri hawezi kukata rufaa kupinga kupatikana na hatia, bali anaweza kupinga adhabu tu, kiasi chake au uhalali wake. Ikiwa alama za vidole zilichukuliwa, hukumu hiyo huweza kuonekana anapoomba cheti cha tabia njema cha polisi. Cheti hicho huhitajika kwa kazi nyingi za ulinzi, hoteli na bandarini, na kwa wanaotafuta kazi Uarabuni. Faini ya asubuhi moja hugeuka mlango uliofungwa miaka kadhaa baadaye.

Sheria pia haimruhusu hakimu kupokea neno "kweli" kwa haraka. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan mwaka 1973, shtaka lazima lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kisha upande wa mashtaka usome maelezo ya tukio na mshtakiwa aulizwe kama anayakubali. Akisema, "Nilikuwepo pale, lakini nilikuwa nangoja matatu," amekana shtaka, na hakimu anapaswa kuandika hivyo. Asiyeelewa Kiswahili au Kiingereza ana haki ya mkalimani bila malipo.

Jinsi utetezi unavyojengwa

Kwanza, hati ya mashtaka. Kwa kifungu cha 134 cha sheria hiyo hiyo, lazima itaje kosa lenyewe na maelezo ya kutosha: siku, mahali, na kilichotendwa. Mshtakiwa au wakili wake aangalie ni kifungu gani cha sheria gani kilichotajwa, na kama kinafanana na maelezo. Hati inayowajumlisha watu watano kwa sentensi moja inastahili kuulizwa: huyu mmoja alifanya nini?

Pili, ushahidi. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kupewa mapema ushahidi utakaotumiwa, na muda wa kutosha wa kujitayarisha. Aombe taarifa za mashahidi na nakala ya maandishi ya kitabu cha matukio cha kituo, yaani OB.

Tatu, kumhoji shahidi. Maswali mafupi ndiyo hufaa. Ulikuwa umbali gani? Kulikuwa na taa? Ulisikia maneno gani? Aliyeshawishiwa yuko wapi? Ulimwandikisha taarifa?

Nne, utetezi. Upande wa mashtaka ukimaliza, hakimu huamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Kama hana, huachiliwa kwa kifungu cha 210. Kama anayo, kifungu cha 211 kinamruhusu kutoa ushahidi kwa kiapo, kujieleza bila kiapo, au kunyamaza, na kuita mashahidi wake.

Yule mama wa viazi karai, akikana shtaka, ana mengi ya kuleta: jirani wa kibanda, kibali cha biashara, karai na ndoo alizokuwa nazo, na makanga wa matatu anayemjua kwa kupanda usiku kila siku. Si lazima vitu hivyo vithibitishe kila kitu. Vikitia shaka ya maana katika hoja ya nia, vimetosha.

Watoto na waliosafirishwa

Aliye chini ya miaka 18 hawezi kuchukuliwa kama kahaba. Ni mtoto aliyedhulumiwa, na anayefaidika naye anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 10 kwa kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Naye aliyesafirishwa kiharamu na kulazimishwa analindwa na kifungu cha 14 cha Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka 2010, kinachosema hana hatia kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kusafirishwa huko. Aseme hivyo mapema, kituoni au mbele ya hakimu.

Msaada

Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba usaidizi kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na Sheria ya mwaka 2016. Kituo cha Sheria na FIDA Kenya pia hutoa ushauri mjini Mombasa. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, na dhidi ya askari wa kaunti kwa Tume ya Haki ya Utawala. Anayelalamika aandike siku, saa, mahali na namba ya gari wakati kumbukumbu bado ni mbichi.

Ya kukumbuka

1. Uliza sababu ya kukamatwa, kisha nyamaza mpaka upate ushauri.
2. Usitoe pesa bila risiti.
3. Usiseme "kweli" kwa jambo ambalo si kweli, hata faini ikiwa ndogo.
4. Omba hati ya mashtaka na taarifa za mashahidi.
5. Aliyepatikana na hatia ana siku 14 za kukata rufaa.