SPEA ZINATOKA WAPI, NA PESA ZAKE ZINAKWENDA WAPI?



Somo la safari hii linahusu kitu ambacho kila mwanachama wetu wa Arua na Koboko hukishika karibu kila siku, awe dereva, utingo, mwendesha bodaboda au fundi wa gereji. Kitu hicho ni spea. Tumelichagua kwa sababu katika mikutano yetu pamezuka mabishano ambayo si madogo. Wenzetu wengine wanasema shida ya bei ya spea itakwisha siku Uganda itakapounda magari yake yenyewe. Wengine wanasema kosa ni la Wahindi na Wachina wanaotuuzia. Tuyachunguze maneno haya yote mawili, na tuanzie chini, kwenye chombo chenyewe.

Chukueni pikipiki ya Bajaj Boxer, ambayo imelisha familia nyingi katika mkoa huu. Kampuni inayoiunda ina makao yake Pune, nchini India. Pikipiki nyingi za namna hii hazisafiri zikiwa nzima. Sehemu zake hufungashwa katika masanduku, zikapakiwa melini hadi Mombasa, zikapanda lori kuja Kampala, na huko ndiko fremu, injini na magurudumu huunganishwa. Sasa mtu akikuuliza pikipiki yako imeundwa wapi, utajibu India au Kampala? Na ukizidi kuifungua, jibu linazidi kukimbia. Tairi lina mpira, na mpira wa asili hutoka zaidi Thailand na Indonesia. Waya zina shaba, na Congo ni miongoni mwa nchi zinazochimba shaba nyingi kupita zote duniani. Huenda basi waya uliomo ndani ya taa yako ulitoka ardhini Katanga, ukaenda China, ukarudi umefungwa katika boksi la rangi nzuri na kuuzwa sokoni Ariwara, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Mcongomani aliyelichimba jiwe lile hakuongezewa hata senti moja lilipogeuka kuwa waya.

Hili ndilo jambo la kwanza la kushika. Chombo cha siku hizi hakina nchi moja. Kina njia ndefu, na katika kila kituo cha njia hiyo yupo mtu anayefanya kazi na yupo mtu anayechukua faida, na mara nyingi watu hao wawili si mmoja.

Magari ya abiria yana hadithi yake. Mengi yanayokwenda kati ya Arua na Koboko yalianza maisha yao Japani. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na serikali yao inalazimisha gari kukaguliwa kwa gharama kubwa, mara ya kwanza likiwa na miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Gari likizeeka, mwenyewe huona nafuu kuliuza kuliko kulilipia ukaguzi. Kwa hiyo uchakavu unaoikimbia sheria ya Japani huja kuwa mtaji wetu, na kila kifaa kilichokaribia kufa kule hufia mikononi mwa fundi wa hapa. Sheria ya Uganda ya 2018 ilizuia kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu kuundwa. Ni hatua, lakini gari la miaka 14 nalo linataka bushi, beringi na pampu ya maji. (Anayevuka Oraba kuingia Kaya na usukani huohuo wa kulia anajua taabu nyingine, maana Sudan Kusini wanaendesha upande wa kulia, na kulipita lori hapo ni kuomba Mungu.)

Sasa tuyajibu maneno ya kwanza, kwamba tuunde magari yetu. Jambo hili limekwisha kujaribiwa na majirani na sisi pia. Kenya ilikuwa na viwanda vitatu vya kuunganisha magari katika miaka ya 1970, vya Thika, Mombasa na Nairobi. Vilipokea vipande kutoka ng'ambo, lakini serikali ilivitaka vitumie pia vitu vya nchini kama vile rangi, betri, viti, vioo na tairi, na kwa njia hiyo wafanyakazi wengi wa viwanda vidogo walipata mkate. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kiliagizwa kuunda gari la Kenya hasa, na 1990 magari machache ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa kwa wananchi. Hayakufika sokoni. Baadaye, milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990 kwa masharti ya wakopeshaji wa nje, magari ya mtumba yakamiminika, na viwanda vya kuunganisha vikabaki na kazi kidogo. Kiwanda cha tairi cha Nairobi kilichoanzishwa na Firestone mwaka 1969, kikaja kuitwa Sameer, kiliacha kutengeneza tairi mwaka 2016 kwa sababu ya tairi za bei rahisi kutoka nje. Wafanyakazi wake walikwenda nyumbani. Sisi tulionunua tairi rahisi tulifurahi, na ni haki yetu kufurahi, lakini tusisahau kwamba unafuu ule ulikuwa na mtu aliyeulipia.

Kwetu Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari dogo la umeme la Kiira EV mwaka 2011. Mwaka 2016 likaja basi la Kayoola lenye kutumia nguvu za jua, na baada yake mabasi ya umeme yaliyoundwa kwa kushirikiana na kampuni ya CHTC ya China, na kiwanda kikajengwa Jinja. Tunaliunga mkono jambo hili, wala hatulisemi kwa kejeli. Lakini mfanyakazi aulize kwa macho makavu: betri imetoka wapi? Mota ya umeme imetoka wapi? Katika gari la umeme, betri ndiyo sehemu ya gharama kubwa, na aina nyingi za betri hizo zina kobalti, ambayo zaidi ya nusu yake duniani huchimbwa Congo. Bodi ikichomelewa Jinja na betri ikatoka Asia, fungu kubwa la pesa limekwenda Asia hata kama ubavuni mmechorwa korongo wetu. Jina la gari si kipimo. Kipimo ni mishahara mingapi imelipwa hapa, na ufundi gani umebaki hapa.

Tuje kwenye bei, maana hapo ndipo panapouma. Spea zinanunuliwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2014 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,500 za Uganda. Ilipofika Septemba 2015 ilikuwa imepita 3,600. Tufanye hesabu ndogo. Spea ya dola 10 iliyomgharimu mwenye duka 25,000 sasa ilimgharimu 36,000, na kitu ni kilekile, hakikuongezwa hata msumari. Mwenye kiwanda hakupoteza, kwa sababu yeye alilipwa dola zake kamili. Mwenye duka aliongeza bei. Mwenye pikipiki aliyemkodisha kijana alitaka hesabu yake ya jioni bila kupunguza. Abiria hakukubali nauli ipande kwa kiasi hicho, kwa sababu mshahara wake yeye ulikuwa wa shilingi. Basi mzigo ulizunguka wote ukamwangukia aliyekuwa mwisho wa mstari: mwendeshaji, aliyefanya saa nyingi zaidi barabarani, na fundi, aliyeambiwa apunguze ujira. Mwalimu Nyerere aliwahi kuipima bei ya trekta kwa tani za katani. Nasi tuipime bei ya seti ya mnyororo kwa idadi ya abiria kutoka stendi hadi hospitali. Mwaka hadi mwaka utaona mwenyewe.

Umbali nao unaongeza chake. Kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500, na njia kuu inavuka Mto Nile kwenye daraja la Karuma. Daraja hilo lilipofungwa kwa matengenezo kwa muda wa miezi mitatu hivi mwishoni mwa 2024, magari yalilazimika kuzunguka. Kila lita ya dizeli ya mzunguko ule iliingia katika bei ya kitu fulani. Na mambo ya mbali zaidi pia hutufikia. Mwaka 2011 tetemeko la ardhi la Japani lilisimamisha viwanda vya magari hata Marekani, kwa kukosa vipande vidogo vya umeme. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama siku sita katika mfereji wa Suez. Mtu wa Koboko anaweza kucheka habari hiyo redioni, kisha baada ya wiki kadhaa akaambiwa dukani kwamba mzigo bado haujafika.

Wazee wa Arua hawahitaji kufundishwa hili. Wanawakumbuka vijana wa Opec, waliouza petroli ya magendo kwa jerikeni kando ya barabara. Petroli ile ilishuka Mombasa, ikapita Uganda ikihesabiwa kuwa mali ya Congo, ikavuka mpaka, kisha ikarudi usiku bila ushuru. Wengi wa vijana wale walikuwa wametoka ukimbizini Zaire na Sudan, walikokimbilia baada ya 1979, na hawakuwa na kazi nyingine. Spea nazo zimepita njia hizohizo. Serikali huita magendo, na kwa sheria ni magendo. Lakini kijana anayebeba mzigo gizani si yeye anayejenga ghorofa.

Sasa maneno ya pili, kwamba kosa ni la wageni. Tuseme wazi, kwa kuwa mkoa huu una kumbukumbu nzito. Mwaka 1972 Idi Amin, mwenye asili ya Koboko, aliwafukuza Waasia, na maduka ya spea yakagawiwa watu wengine. Je, spea zilishuka bei? Zilipotea kabisa. Malori yalilala juu ya mawe kwa kukosa sehemu, kwa sababu aliyefukuzwa ni mwenye duka, na ile njia ndefu ya kutoka kiwandani hadi hapa haikujengwa upya na mtu yeyote. Waliopewa maduka walitajirika, na mfanyakazi akabaki palepale.

Wenzetu wa Marekani walipita mtihani huohuo. Viwanda vya Detroit vilipopunguza watu mapema miaka ya 1980, hasira ilielekezwa kwa Wajapani. Mwaka 1982 kijana Vincent Chin, Mmarekani wa asili ya Kichina, alipigwa hadi kufa na watu wawili wa kazi ya magari, mmoja msimamizi wa kiwanda na mwingine aliyekuwa ameachishwa kazi. Hawakufungwa kwa kosa hilo. Walitozwa faini ya dola 3,000 kila mmoja na kuwekwa chini ya uangalizi. Na mwaka huohuo kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuunda magari katika jimbo la Ohio, kwa mikono ya Wamarekani! Baadaye sheria ya 1992 ikataka kila gari jipya libandikwe karatasi inayoeleza ni sehemu ngapi kwa mia zilizotoka Marekani na Canada. Karatasi hiyo iliwaonyesha wengi kwamba gari lenye jina la nyumbani linaweza kuwa la kigeni kuliko lile la kigeni.

Lakini lipo jambo la kuiga. Mkataba wa biashara wa Marekani, Mexico na Canada, ulioanza kutumika Julai 2020, hautosheki na kuuliza sehemu zimetoka nchi gani. Unataka pia asilimia 40 hadi 45 ya thamani ya gari ifanywe na wafanyakazi wanaolipwa dola 16 au zaidi kwa saa. Vyama vya wafanyakazi vilipigania mshahara uingie ndani ya kanuni za forodha. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini iliingia 2016 na Congo 2022, nayo ina kanuni zake za kupima kitu kimetoka wapi. Kwa nini tusidai mshahara na mafunzo vipimwe humo pia?

Na hapa hapa kazi ipo. Fundi wa Arua anakunja springi, anakata bushi kutoka tairi kuukuu, anakereza shafti iliyolika. Kwa miaka mingi West Nile haikuunganishwa na gridi ya taifa, na mashine ya kukereza haiendi kwa umeme wa saa chache. Fundi aliyejifunzia chini ya mwembe kwa miaka 10 anastahili kupimwa na kupewa cheti, ili ajira ya kampuni isimpite. Waendeshaji wakichanga na kununua kwa pamoja, wanaweza kuagiza sanduku zima na kulikagua. Kukagua ni muhimu, kwa maana pedi za breki bandia hazidanganyi mfuko peke yake. Mteremko hauulizi kama ulipewa risiti.

Kwa kikao kijacho, kila mwanachama alete spea moja iliyokufa pamoja na boksi lake, kama bado analo. Tutaandika ubaoni jina la kampuni, nchi iliyoandikwa, bei uliyolipa, na siku ilizodumu. Mafundi watueleze ni ipi kati ya hizo ingeweza kutengenezwa Arua, na wanahitaji mashine gani kuifanya.