Kwa Nini Benzini Hudhuru Uboho

Mwaka 1825 Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, alitenga kimiminika kisicho na rangi kutoka katika mafuta yaliyobaki baada ya kugandamizwa kwa gesi ya taa. Kimiminika hicho ndicho benzini, C6H6, ambayo wanafunzi wa kemia huichora kwa umbo la pembe sita. Isichanganywe na petroli, ijapokuwa Wajerumani huiita petroli kwa jina hilo hilo, na petroli yenyewe huwa na benzini kidogo ndani yake.

Benzini huchemka kwenye nyuzi 80 za Selsiasi, lakini hutoa mvuke mwingi hata katika joto la kawaida la chumba. Uzito wa molekuli yake ni 78, hali wastani wa hewa ni 29. Mwanafunzi akigawanya ataona kwamba mvuke wa benzini ni mzito kuliko hewa kwa takriban mara 2.7. Kwa hiyo katika chumba kisichopitisha hewa hukawia, hasa karibu na meza ambayo fundi ameiinamia.

Ndivyo ilivyokuwa katika karakana ndogo za viatu mjini Istanbul, Uturuki. Mafundi walitumia gundi iliyoyeyushwa kwa benzini, kwa kuwa ilikauka upesi. Muzaffer Aksoy, tabibu wa magonjwa ya damu mjini humo, aliona mafundi wakimjia wakiwa wamepungukiwa damu, na wengine wakiwa na lukemia, yaani saratani ya damu. Mwaka 1974 yeye na wenzake walitangaza habari za wagonjwa 26, walioonekana tangu mwaka 1967 hadi 1973, miongoni mwa mafundi viatu 28,500 hivi. Hesabu yao ilionyesha wagonjwa 13 kwa mwaka katika kila mafundi 100,000. Kwa watu wengine walikadiria 6. Inasikitisha kwamba mgonjwa wa namna hiyo alikwisha kuelezwa na madaktari wa Ufaransa tangu mwaka 1928.

Mtu aweza kuuliza: mvuke huingia kwa mapafu, mbona ugonjwa hutokea ndani ya mifupa? Hapa pana jambo la kustaajabisha. Benzini yenyewe ni tulivu, haiungani upesi na vitu vingine. Madhara huanza pale mwili unapojaribu kuiondoa. Vimeng'enya vya ini huitia oksijeni ili iyeyuke katika maji na kutoka kwa mkojo. Hapo hutokea fenoli, kisha haidrokwinoni, na sehemu yake huchukuliwa na damu hadi kwenye uboho. Uboho nao una kimeng'enya chake, ambacho kazi yake ni kuzisaidia chembe nyeupe kuua vijidudu. Kimeng'enya hicho huigeuza haidrokwinoni kuwa benzokwinoni, kitu kikali kinachoshika protini na kuharibu kromosomu. Chembe mama za damu zikifa, mtu hupungukiwa damu. Zikibaki hai na kromosomu zilizoharibika, baada ya miaka kadhaa moja yaweza kuanza kuzaana bila kiasi.

Toluini ni ndugu wa karibu wa benzini, yenye kaboni moja zaidi nje ya pete. Mwili huishambulia hiyo kaboni ya nje, nayo hutoka kwa mkojo pete ikiwa haikuguswa. Toluini hulevya na hudhuru ubongo, lakini haijulikani kuleta lukemia. Mwalimu anayefundisha pete ya benzini hatapata mfano ulio bora kuliko huu.

Mwaka 1971 Mkataba Namba 136 wa Shirika la Kazi Duniani uliweka kikomo cha sehemu 25 za benzini kwa kila sehemu milioni za hewa. Ushahidi ulipoongezeka kiwango hicho kilionekana ni kikubwa mno, na mwaka 1987 Marekani ilishusha wastani wa siku ya kazi hadi sehemu 1. Fundi wa magari anayenawa mikono kwa petroli, au kuinyonya kwa mpira kutoka tangini, hana chombo cha kupimia. Hutegemea pua, na watu wengi huanza kuisikia harufu ya benzini wakati hewa imekwisha kupita kiwango hicho cha sehemu 1.