Vipepeo wa Tukuyu na Kishawishi cha Kuwakusanya

Kwetu Tukuyu ndizi hazikosekani, na kwa ndizi unaweza kumnasa Charaxes, kipepeo mkubwa mwenye nguvu ambaye hana habari sana na maua. Yeye anapenda tunda lililooza hadi likanuka pombe. Mkusanyaji huponda ndizi, huziacha zichachuke siku mbili tatu, kisha huziweka kwenye sahani chini ya mfuko wa chandarua ulioning'inizwa mtini. Kipepeo akishiba huruka kwenda juu, na humo mfukoni hatoki. (Harufu yake, jamani, usiipeleke hosteli.)

Napenda makusanyo ya vipepeo, sitajifanya. Ukimwona Papilio nireus, mweusi mwenye mkanda wa buluu unaong'aa, mkono unawasha. Lakini uzuri peke yake haufundishi. Mchukue Papilio dardanus. Dume ni wa manjano hafifu, mwenye mikia mabawani. Majike wengi wa bara hawana mikia. Wanaiga sura za vipepeo wenye sumu, huyu wa aina hii, yule wa aina ile, ili ndege wawaogope. Wataalamu wa karne ya 19 waliwaona kuwa spishi tofauti, mpaka Roland Trimen wa Afrika Kusini alipoonyesha mwaka 1869 kwamba ni spishi moja. Hoja kama hiyo inahitaji vielelezo vingi, na kujua kila kimoja kilikamatwa wapi na lini. Kipepeo asiye na lebo ni pambo tu la ukutani.

Kuna na pesa. Kule Amani, Usambara Mashariki, wanakijiji walifuga vipepeo na kuuza pupa nje ya nchi. Machi 2016 serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai, na soko lao likafungwa. Kwangu mimi hapo mfugaji alionewa: yeye anahitaji msitu ubaki umesimama.

Msitu wa Mlima Rungwe ni hifadhi, usiingie na wavu bila kibali. Anzia kwenye mlimao wa nyumbani. Kiwavi wa Papilio demodocus akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege. Akikua anakuwa kijani, na ukimgusa anachomoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Mweke kwenye boksi lenye hewa, mbadilishie majani kila siku, andika tarehe. Baridi ya Juni ikikukuta, pupa atakawia. Usimtupe ukidhani amekufa.