Raha ya Mwenye Kuwafundisha Watu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, somo letu la leo ni juu ya jambo lisilosemwa sana misikitini. Imamu na mwalimu wa chuo huendewa na kila mtu apate utulivu wa moyo. Je, wao wenyewe huupata wapi?

Nitaanza na aibu yangu, asije mtu akadhani namnyooshea mwenziwe kidole. Mwaka mmoja, baada ya sala ya Alfajiri, mzee katika maamuma alinijia faraghani akaniambia kwa upole, "Maalim, tangu mwezi kuandama hujatusomea ila sura mbili tu." Na mwezi wenyewe ulikuwa wakaribia kwisha! Sikuwa na habari. Ulimi ulikuwa ukenda, na moyo haupo.

Tazameni siku ya mwalimu wa mwambao huu wetu wa Malindi na Kilifi. Asubuhi yuko chuoni na watoto; adhuhuri ameitwa kuozesha; alasiri pana maiti wa kuoshwa na kuzikwa; jioni mume na mke wamemletea ugomvi wao; baada ya Magharibi ni darsa. Usiku huitwa avuke Mto Sabaki kwenda Mambrui kwenye hitima, na kesho ashuke hadi Takaungu kumsomea mgonjwa. Mtu huyu asome kitabu saa ngapi? Amlilie Mola wake saa ngapi?

Kwanza, yatupasa tujue kuwa kupumzika si uvivu wala si upungufu wa imani. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili msikitini. Akaambiwa ni ya Bibi Zainab, hujishikilia achokapo katika sala. Akaamrisha ifunguliwe, akafunza kuwa mtu asali maadamu ana nguvu, na akichoka akae. Na Abdullahi bin Masud (r.a.) alikuwa akiwawaidhi watu kila Alhamisi, alipoombwa iwe kila siku alikataa, kwa kuchelea kuwachosha. Ikiwa msikilizaji ana haki ya kutochoshwa, mwenye kusema hana?

Pili, uchovu wa mwili dawa yake ni usingizi, lakini uchovu wa moyo hautoki kwa usingizi. Imamu Ghazali alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad. Alipoichunguza nia yake aliona kuwa afundisha kwa kutaka cheo na sifa. Ulimi wake ukafungika asiweze kusomesha. Mwaka 488 Hijria (1095) aliacha kiti akaenda Sham, na mwaka 499 (1106) akarudi kusomesha, huko Nishapur. Sisi hatuwezi kuwaacha watoto wa chuo muda wa miaka kumi. Lakini twaweza kukaa faraghani na kuiuliza nia, walau saa moja kabla ya Alfajiri. Na Sunna imetuwekea itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani. Ajabu ni kwamba siku hizo ndizo tunazoalikwa zaidi!

Tatu, mwalimu na arudi kuwa mwanafunzi. Sayyid Ahmad bin Sumeyt (1861–1925) alikuwa amekwisha kuwa kadhi Unguja alipoondoka, katika miaka ya 1880, akafika hata Istanbul na kukaa na wanavyuoni, kisha akarudi kwenye ukadhi wake. Ilimu yake ilitufikia hata sisi wa huku, kwani miongoni mwa wanafunzi wake ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), aliyelianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Nami, baada ya maneno ya yule mzee, nilianza kwenda kila Alhamisi kwenye darsa ya mwalimu aliye mdogo kuliko mimi kwa umri, nikakaa mkekani pamoja na vijana. Hapo ndipo nilipoonja tena utamu wa kusikia Aya ikifasiriwa nisiyepaswa kuifasiri mimi.

Nne, na hili ni lenu, enyi maamuma. Mengi mnayomwitia imamu hayakufaradhishwa naye. Kumwombea dua mzazi wako ni kazi yako; jifunze Kurani umsomee mgonjwa wako mwenyewe. Hirizi na makombe ya kunywa hayana msingi, na mwalimu anayeyaandika hujichosha bila ya thawabu. Lakini tuseme kweli: wako maimamu ambao sadaka ya hitima ndiyo unga wa nyumbani kwao. Mkimpunguzia mialiko bila ya kumpa riziki iliyo wazi, mtakuwa mmemwongezea dhiki. Basi jamaa wa kila msikiti na wakutane, wamwekee imamu wao kiasi maalumu kila mwezi, wampate naibu wa kushika zamu, na wamwachie siku moja katika wiki asibishiwe hodi ila kwa maiti.

Mwalimu akikauka, darsa yake hukauka, na wenye kiu ni nyinyi na watoto wenu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihuishe nyoyo zetu kabla ya ndimi zetu. Amin.