Chekechea ya Kanisa: Mtoto Anajifunza Nini?

Shule zinapokaribia kufunguliwa Januari, wazazi wa mji wa Katoro, wa sokoni kwa wa machimbo ya dhahabu, huuliza maswali yale yale kuhusu chekechea za makanisa. Haya hapa majibu.

Mtoto anafundishwa nini hasa?

Darasa la awali lililosajiliwa, liwe la kanisa au la serikali, hufuata mtaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Mtaala wa 2016 ulitaka mtoto ajifunze kuhusiana na wenzake, kuwasiliana, kutunza afya na mazingira, sanaa, na stadi za awali za kihisabati. Ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024. Kanisa huongeza sala, nyimbo na hadithi za Biblia, na mwalimu mzuri huchanganya yote. Akisimulia safina ya Nuhu, watoto hupanga wanyama wawili wawili, huwahesabu, huigiza milio yao. Hadithi ya Msamaria mwema huwafundisha kumwinua mwenzao aliyeanguka uwanjani, hata kama si ndugu yao.

Mbona amemaliza muhula na daftari halina kitu?

Swali hili ndilo linalowaponza watoto wengi. Mzazi amelipa ada, anataka kuona a, e, i, o, u. Lakini vidole vya mtoto wa miaka minne bado havijakomaa kushika penseli kwa muda mrefu. Vinakomazwa kwa kufinyanga udongo, kutunga shanga, kuchambua maharage, kuchora mchangani. Daktari Mwitaliano Maria Montessori alianza kufundisha kwa njia ya namna hii mwaka 1907 huko Roma, na chekechea nyingi za Kikatoliki nchini zinaifuata hadi leo. Anayemlazimisha mtoto kunakili ubao kwa kumtishia fimbo anamfundisha kuichukia shule kabla hajaianza. Mpime mwanao kwa mengine: anasimulia alichosikia? Anasubiri zamu yake? Ananawa bila kukumbushwa?

Nyumbani tunaongea Kisukuma. Atachelewa?

Hapana. Mtoto anayezungumza vizuri lugha ya nyumbani huipokea ya pili kwa wepesi. Endeleeni kumsimulia hadithi kwa Kisukuma. Kiswahili atakipata darasani na kwa wenzake. Kiingereza kisiwe kigezo cha kwanza cha kuchagua chekechea.

Sisi si waumini wa kanisa lenye chekechea.

Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa dini. Muulizeni mwalimu mkuu mapema mtoto atakaa wapi wakati wa sala, na jibu liwe wazi kabla hamjalipa.

Kuna faida gani kwa sisi tunaoishi na machimbo?

Kubwa sana. Mtoto asiye na pa kukaa humfuata mama kwenye karasha linalosaga mawe, akavuta vumbi lake, au huenda mwaloni dhahabu inakooshwa. Zebaki inayotumika kunasa dhahabu ikichomwa, mvuke wake huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na ubongo unaokua ndio huumia zaidi. Saa za asubuhi darasani ni saa ambazo yuko mbali na mashimo na mvuke huo. Chekechea ya Katoro inayojali mazingira yake humfundisha mtoto kutogusa maji ya vidimbwi vya mwaloni, kutokaribia shimo lililoachwa wazi, na kutovuka barabara kuu ya malori bila mkono wa mtu mzima. Mimi naliona somo hili ni la lazima sawa na sala ya asubuhi.

Nitajuaje kuwa chekechea ni halali?

Kituo cha kulelea watoto mchana husajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Darasa la awali husajiliwa na Wizara ya Elimu. Jina la kanisa langoni si usajili. Omba kuona cheti, kagua choo na maji ya kunawa, hesabu watoto: kiwango cha taifa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Ukinyimwa kuona hayo, usilipe ada. Nenda kamuulize ofisa ustawi wa jamii au ofisa elimu kata.