SOMO LA MWEZI: MWENZI WAKO ANAPOSHIKWA NA MOYO GHAFLA

Masomo: Isaya 38:1-6, 21, Marko 2:1-12, Yohana 9:1-3
Mstari wa kukariri: Wagalatia 6:2

Somo hili ni kwa ajili ya watu wa ndoa, lakini hata vijana wasilipite, maana nao wana wazazi.

Sisi wakimbizi tumezoea kuogopa malaria, kipindupindu na risasi tulizozikimbia. Ugonjwa wa moyo tunadhani ni wa matajiri wa mjini. Sivyo. Presha na moyo vimo humu humu makambini, na mara nyingi huja usiku, wakati mko wawili tu na watoto wamelala.

1. UGONJWA WA GHAFLA SI HUKUMU

Mtu akianguka ghafla, maneno huanza kabla hajafika kwa daktari. Wengine husema amerogwa, wengine husema ana dhambi ya siri. Wanafunzi wa Yesu nao walifikiri hivyo walipomwona kipofu, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi. Yesu aliwakatalia (Yohana 9:1-3).

Ni kweli Biblia inasimulia habari za Nabali, mume wa Abigaili, ambaye moyo wake ulizimika akawa kama jiwe, na siku kama kumi baadaye akafa (1 Samweli 25:36-38). Lakini Ezekieli, nabii mwaminifu, naye alifiwa na mke wake mpendwa kwa ghafla (Ezekieli 24:15-18). Basi tusimhesabie mgonjwa dhambi. Mke anayemlilia mumewe hahitaji kuulizwa maswali ya namna hiyo.

2. MAOMBI NA DAWA HAVIGOMBANI

Mfalme Hezekia alipougua karibu ya kufa, aliomba kwa machozi. Mungu alimsikia, akamwongezea miaka 15. Lakini tazama aya ya 21: Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi yalifanyika, na dawa ikawekwa. Tena Luka, aliyeandika Injili, alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14).

Mama mmoja alishuhudia jinsi mumewe alivyoamka usiku akishika kifua, jasho baridi likimtoka. Jirani mmoja alishauri waombe hadi asubuhi ndipo waende. Mama akajibu, "Tutaomba njiani." Wakatafuta pikipiki, mgonjwa akakaa katikati, shemeji akamshika kwa nyuma. Kituo cha afya kikampima, kikamwandikia rufaa, gari la wagonjwa likampeleka Mbarara. Walimpima moyo kwa mashine yenye nyaya zinazobandikwa kifuani. Ikaonekana moyo haujaharibika, ila presha ilikuwa juu sana. Baba alikuwa ameacha vidonge miezi mitatu kwa sababu alijisikia vizuri, na kizunguzungu alikificha ili mama asihangaike.

Wapendwa, kuficha namna hiyo si upendo. Ninyi ni mwili mmoja. Kiungo kikiumwa, kichwa kinapaswa kujua.

3. DALILI ZA KUJUA

Mkiona haya, msingoje kuche:
- kifua kubanwa au kulemewa kama kwa jiwe, hasa yakipita dakika chache;
- maumivu yanayokwenda mkononi, begani, mgongoni, shingoni au tayani;
- kukosa pumzi, jasho baridi, kichefuchefu, kuzimia.

Akina mama wakati mwingine hawaumwi sana kifua. Huweza kusikia uchovu mkubwa usio wa kawaida, kukosa pumzi, kutapika au maumivu ya mgongo. Wasiambiwe ni vidonda vya tumbo tu.

Moyo ukinyimwa damu, nyama yake huanza kufa, na kila dakika ina thamani. Mketishe mgonjwa, mlegezee nguo, asitembee kwa miguu kwenda kituoni. Msimpe vidonge vya jirani. Kituoni mtaje dawa zote anazotumia, hata za miti shamba.

4. KUJIANDAA KABLA YA USIKU HUO

Yule mama alisema kilichomtesa zaidi ni karatasi. Hakujua baba ameweka wapi kadi ya familia na kitabu cha hospitali. Kwa hiyo wiki hii mume na mke wakae pamoja, wafanye haya:
- karatasi zote ziwe mahali pamoja, na wote wawili wapajue;
- waandike namba ya mwenye pikipiki na ya mzee wa kanisa;
- wakubaliane watoto watabaki kwa nani;
- waende kupima presha. Ikionekana 140 kwa 90 au zaidi, wasikilize mganga wa kituo. Vidonge vya presha haviachwi kwa sababu mtu amepona kichwa;
- wapunguze chumvi. Kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo ndani ya samaki wa chumvi. Na sigara iachwe.

5. KAZI YA KANISA

Yule mwenye kupooza hakujileta mwenyewe kwa Yesu. Watu wanne walimbeba, na waliposhindwa mlangoni wakatoboa paa. Mwenzi aliyeko hospitalini anahitaji wanne wake: mmoja apikie watoto, mmoja achote maji, mmoja apokee mgao wa familia ikiruhusiwa, mmoja asafiri kukaa naye kitandani mwa mgonjwa. Salamu za pole ni nzuri, lakini sufuria la uji hufika tumboni.

Na ikiwa mgonjwa hakurudi, kama ilivyokuwa kwa Ezekieli, tusimwambie mjane kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Tukae naye.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini Isaya aliagiza dawa wakati Mungu ameshaahidi kuponya?
2. Je, kuna ugonjwa unaomficha mwenzi wako? Zungumzeni nyumbani, si kikundini.
3. Katika kikundi chetu, wanne wa kubeba ni akina nani? Waandikwe majina leo.

TUOMBE: Bwana, uliyeumba moyo na kujua mapigo yake, tulinde usiku. Tupe hekima ya kwenda mapema, na mikono ya kubebana. Katika jina la Yesu. Amina.